Wimbi la Mkurugenzi Mathenge

Mkurugenzi Mathenge hakuwa na ugomvi na ushairi. Mtu hagombani na kitu asichokijua. Alikuwa na shule ya madarasa tisa pembeni mwa mji wa Kitale, basi la manjano, mashine ya kusaga unga nyuma ya jiko la shule, na rafu moja ofisini iliyokuwa tupu ikisubiri kombe. Kombe la mpira lilimkataa miaka mitatu mfululizo. La kwaya lilimkataa mara mbili. Basi ilipokuja barua kutoka Bungoma kwamba shule za kibinafsi zitashindana kukariri mashairi, aliisoma akiwa amesimama, akaibeba mwenyewe hadi Gredi ya Tano.

"Mwalimu," alisema mbele ya watoto, "hii ni ya kusema tu. Hakuna kukimbia, hakuna kununua jezi. Hii hatuwezi kukosa."

Mwalimu wa Kiswahili, Rispah Nabwile, aliipokea karatasi kwa vidole viwili. Alikuwa mwanamke mwembamba, mzaliwa wa Misikhu, na katika miaka minne aliyofundisha pale hakuwahi kumwona mkurugenzi akisoma kitu kirefu kuliko risiti. Alimdharau. Ubaya wake ni kwamba hakujua kuificha dharau hiyo. Ilimkaa usoni kama miwani.

Shairi lenyewe lilikuja pamoja na barua. Lilikuwa na beti nne, na ubeti wa kwanza ulisema hivi:

Kubwa wimbi limekuja, limemeza pwani yote,
Wanangu sita pamoja, maji yamewala wote,
Nimekaa nikingoja, nikaita nisipate,
Rudisha japo mmoja, walau nimpakate.

Mwalimu mwingine angeliandika ubaoni, akashika fimbo, akawaimbisha watoto hadi koo zikauke. Nabwile aliwagawia karatasi za mitihani iliyopita, zilizokuwa safi upande wa nyuma, akawaambia wafumbe macho. Akawasomea ubeti huo polepole, mara mbili.

"Sasa fungueni macho. Chora ulichokiona. Usichore nilichosema, chora ulichokiona."

Karatasi ishirini na nane zilirudi mezani kwake. Ishirini na mbili zilikuwa na uji. Kulikuwa na wimbi lililosimama shambani, wimbi lililoanikwa kwenye gunia, wimbi jekundu lenye meno likimeza nyumba. Mtoto mmoja alikuwa amemchora mjomba wake anayefanya kazi Mombasa, maana ndiye Pwani pekee aliyoijua, akizama ndani ya sufuria.

Nabwile alicheka hadi akafuta machozi, lakini hakuwacheka watoto. Kitale wimbi ni nafaka, ndiyo inayosagwa ikawa uji wa asubuhi. Mtoto alichora neno alilokuwa nalo. Wa kuchekwa, alijiambia, ni yule anayemkaririsha mtoto neno asilolijua, kisha akampigia makofi.

Kesho yake alikuja na karai la maji. Aliliweka sakafuni, akalitikisa taratibu, kisha kwa nguvu, hadi maji yakaruka ukingo na kumlowesha viatu mtoto wa mbele. "Hilo ndilo wimbi," akasema. "Sasa likuze. Nani ameona Nzoia ikifurika kule Moi's Bridge?" Mikono ikapanda. Mmoja alikuwa ameona ng'ombe akienda na maji, mwingine mlango mzima na kufuli yake. Wakafumba macho tena, wakachora tena. Safari hii hapakuwa na uji. Karatasi zilijaa maji, ng'ombe, mapaa ya mabati na mikono inayopunga.

Isipokuwa karatasi ya Kui. Kui alikuwa binti wa miaka kumi na moja, mtoto wa Wakonyo anayeuza mitumba sokoni, na tangu aingie shule ile alikuwa hajanyoosha mkono hata mara moja. Yeye alikuwa amechora jikoni. Mwanamke ameketi kwenye kigoda, na mbele yake sahani sita za ugali ambazo hakuna aliyezigusa.

"Kui, maji iko wapi?" Nabwile alimuuliza. Na yeye, akiwa na watoto, aliongea kama watoto.

"Maji ilienda, mwalimu," Kui alisema. "Ni mama amebaki."

Nabwile alichukua gundi, akaibandika picha hiyo katikati ya ukuta, na siku hiyohiyo akampa Kui ubeti wa kwanza aukariri peke yake. Baada ya wiki moja darasa zima lilikuwa na shairi lote kichwani, na hakuna aliyekuwa amelikariri. Aliyesahau mstari alitazama juu kidogo, kama mtu anayetafuta picha ukutani, na mstari ukamjia.

*

Kagwe alikuja siku kumi kabla ya mashindano. Mathenge alimwita mkufunzi. Alikuwa na viatu vyenye ncha, filimbi shingoni, na albamu ya picha za makombe aliyokuwa ameziletea shule nyingine. Alizitazama picha za watoto ukutani jinsi mtu anavyotazama nguo za ndani zilizoanikwa mbele ya wageni.

"Hii ni darasa ya mashairi ama ya chekechea?"

Alizibandua moja moja, akaziweka chini ya meza. Kisha akawapanga watoto kwa urefu, akawafundisha kuinua mikono pamoja, kuzungusha viuno pamoja, na kutabasamu. Kwa Kagwe kila mstari ulikuwa na mkono wake. Kwenye "wimbi limekuja" mikono ilipanda juu na meno yakatoka nje.

"Smile, Kui! Meno! Unatangaza matanga?"

"Ndiyo," alisema Nabwile kutoka mlangoni. "Anatangaza matanga ya watu sita. Umesoma mpaka mstari wa pili, Bwana Kagwe?"

Kagwe alimsogelea, akashusha sauti. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomfanya Nabwile amdharau zaidi ya alivyomdharau Mathenge.

"Mwalimu, mimi najua wimbi ni nini. Nimesoma. Lakini mkurugenzi aliniambia hii ni shairi ya mavuno. Wimbi ya kula. Ati mazao yetu imekuwa mengi mpaka inalisha Pwani yote. Anataka watoto wafurahi."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni idea mzuri sana." Kagwe alipuliza vumbi kwenye filimbi yake. "Mwenye kulipa ndiye anajua Kiswahili."

*

Ijumaa kulikuwa na mkutano wa wazazi. Viti vya plastiki vilipangwa uwanjani, soda zikawekwa mezani, na Mathenge akashika kipaza sauti. Alizungumzia choo kipya, akazungumzia basi, kisha akafika kwenye Bungoma.

"Wazazi, wiki kesho Jumamosi tunaenda kuchukua kombe. Shairi yetu inaongea juu ya kilimo. Wimbi imekuja kubwa! Si mnaona? Sisi watu wa Trans-Nzoia, tumelima mpaka wimbi imemeza Pwani yote!"

Wazazi walipiga makofi. Mzazi mmoja, mzee aliyewahi kuwa mwalimu, alikuna kichwa. Nabwile alikuwa amesimama nyuma na walimu wenzake. Alimtazama Kui aliyekuwa kwenye mstari wa mbele, mdomo umefunguliwa kwa tabasamu la kulazimishwa kama mtoto aliye kwa daktari wa meno. Kunyamaza hakukuwa kugumu. Walimu kumi na wawili walikuwa wakifanya hivyo pale pale, na bila jasho.

"Samahani, mkurugenzi," alisema, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Hilo si wimbi la uji. Ni wimbi la maji. Ni mama anayelilia watoto wake sita waliokufa maji. Watoto wa Gredi ya Tano wanajua. Ukiwauliza, watakueleza."

Kisha mtu mmoja akacheka, akafuatwa na mwingine, na kicheko kikapita kwenye viti vya plastiki kama moto kwenye mabua. Mathenge alitabasamu hadi kilipoisha.

"Asante, mwalimu," alisema. "Sasa kwa vile uko na nguvu ya kuongea, enda ufungulie wazazi soda."

Na Nabwile akazifungua. Moja moja, chupa baada ya chupa, akizipeleka kwa mikono miwili kama mjakazi wa arusi, na baadhi ya wazazi hawakumtazama usoni walipopokea. Alipomaliza, karani wa shule alimpa bahasha. Alikuwa amesimamishwa kazi hadi mkurugenzi atakapoona vingine.

*

Mumewe, Tonny Barasa, ndiye aliyekuwa dereva wa lile basi la manjano. Alikuwa mtu wa Bungoma, mpole, mwenye kubadilisha r na l katika maneno yake bila kujua, na katika ndoa ya miaka minane Nabwile alikuwa amechoka kumsahihisha. Walikaa mtaa wa Tuwani, nyumba ya vyumba viwili, na binti yao Nekesa alisoma Gredi ya Kwanza katika shule hiyohiyo bila karo kwa kuwa wazazi wote wawili walikuwa wafanyakazi. Kwa maneno mengine, nyumba nzima ilikuwa mfukoni mwa Mathenge.

"Mama Nekesa," Tonny alisema jioni hiyo, "ungenyamaza tu. Wimbi ya mtu ni wimbi yake."

"Ni wimbi yake?"

"Akisema ni uji, ikuwe uji! Inakupunguzia nini? Watoto wataongea, watapigiwa makofi huko, wataludi. Lakini wewe na hii maneno yako ya kuchola-chola..."

"Kuchora."

"Ndiyo hiyo! Mpaka saa hii unanilekebisha!" Tonny aligonga meza, kisha akatazama kama ameivunja. "Sisi wote tunakula kwa huyo mtu. Wote. Wewe unaona sisi wengine ni wajinga, sindio? Umesoma, unatuangalia hivi tu."

Nabwile alimtazama hivyo tu. Alitaka kumwambia kwamba mjinga ni heri kuliko mwoga. Alimwona jinsi alivyokunja mabega, jinsi alivyovaa kofia ya kazi hata ndani ya nyumba, na akamweka kwenye rafu moja na Kagwe. Hakusema neno. Lakini ile miwani ya dharau ilikuwa usoni, na Tonny aliisoma vizuri sana.

Jumatatu Nekesa alirudi nyumbani saa tatu asubuhi. Mlinzi wa lango ndiye aliyemleta, akiwa amemshika mkono. Walikuwa wamemtoa kwenye mstari wa gwaride, mbele ya shule nzima, wakamwambia akachukue begi lake.

"Mama, nimefanya nini?" aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa mbona wamenitoa?"

Nabwile alimvua sare akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Tonny aliporudi saa sita kula, aliiona sare ile, akaishika, akairudisha. Hakula. Aliketi kitandani na kalamu na daftari la safari za basi, na Nabwile alipoingia akalifunga.

"Naandika mireji ya basi," alisema.

*

Alhamisi Wakonyo, mamake Kui, alifika Tuwani na furushi la mitumba mgongoni. Alilitua mlangoni, akakataa kiti.

"Mwalimu, mimi shairi sijui. Nilifika darasa la sita," alisema. "Lakini Kui ameacha kula. Ananiuliza kama mama anaweza kucheka watoto wake wakikufa maji. Nimjibu nini?"

"Mwambie hawezi."

"Nilimwambia. Akasema Kagwe amesema lazima acheke. Ati akicheka hiyo picha inatoka kichwa, na ikitoka anasahau yote." Wakonyo alijifuta jasho kwa ncha ya leso. "Mwalimu, twende Bungoma. Nauli yako nitalipa mimi."

"Nimekatazwa kuwakaribia watoto."

"Umekatazwa shule. Bungoma si shule ya Mathenge." Alibeba furushi lake tena. "Ama amenunua hiyo pia?"

*

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa kanisa mjini Bungoma, na shule tisa zilikuja. Nabwile na Wakonyo walifika mapema, wakaketi nyuma. Tonny alipoliegesha basi na kumwona mkewe dirishani, alibaki ameshika usukani kama mtu aliyeona polisi. Hakumwita, wala yeye hakumwendea.

Shule sita zilitangulia, na zote zilikuwa na Kagwe wao. Watoto walizungusha viuno wakiomboleza ukame, wakatabasamu wakisimulia ukimwi. Mwamuzi mkuu, mama wa makamo aliyefunga kilemba cheusi, aliandika bila kuinua kichwa.

Watoto wa Mathenge walipanda jukwaani wa saba. Mathenge mwenyewe aliketi mstari wa mbele, suti ya kijivu, simu mkononi tayari kupiga picha. Kagwe alichuchumaa chini ya jukwaa, akaweka vidole viwili kwenye pembe za mdomo wake mwenyewe, akauvuta. Meno!

Kui alisogea mbele. Alifungua mdomo, tabasamu likaja, na hakuna neno lililofuata. Sekunde tano zikapita, kisha kumi. Kagwe aliuvuta mdomo wake hadi karibu uchanike. Kui aliinua macho akiutafuta ukuta usiokuwepo, akapitisha macho juu ya vichwa vya watu hadi nyuma, na pale akamwona mwalimu wake.

Nabwile hakumpungia mkono. Alifumba macho tu.

Kui naye akafumba. Mabega yake yakashuka, meno yakaingia ndani, na alipoanza hakuwa akikariri. Alisema ubeti ule kama mtu anayeeleza jirani kilichotokea nyumbani kwake, bila kupaza sauti, na ukumbi ukalazimika kunyamaza ili umsikie. Alipofika "rudisha japo mmoja", mikono yake, ambayo Kagwe aliifundisha kupaa, ilikuja taratibu mbele ya tumbo ikatengeneza nafasi ya mtoto mchanga. Watoto ishirini na saba nyuma yake nao wakafumba macho, mmoja baada ya mwingine, wakapokea ubeti wa pili.

"Cheka!" Mathenge alinong'ona. Watoto hawakumwona, maana hawakuwa wakimtazama. "Cheka! Kagwe, waambie wacheke!" Kisha, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, akasimama. "Nyinyi watoto, cheka!"

Mwamuzi alivua miwani. "Mzee," alisema, "keti chini."

Mzee akaketi. Shairi likaisha. Wakonyo alikuwa na leso machoni. Mpishi wa kanisa alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, ameusahau.

Walikuwa wa tatu. Shule mbili ndizo zilizopata makombe. Watoto wa Mathenge walikatwa alama za mikono na mpangilio wa jukwaa, maana fomu ya waamuzi ilikuwa na masanduku ya mikono na mpangilio wa jukwaa, na haikuwa na sanduku la kitu walichofanya. Mwamuzi aliposoma matokeo aliongeza sentensi moja tu: "Shule ya saba ndiyo peke yake leo ambayo watoto wake walijua wanachosema." Kisha akawapa makombe wengine.

*

Nje, kando ya basi, wazazi waliosafiri na shule walimzunguka Nabwile. Mmoja alimshika mkono, mwingine akamwita mwalimu kweli kweli. Wakonyo alisema kwa sauti ya sokoni, "Huyu ndiye alifunza! Si yule wa filimbi!"

Mathenge aliuona upepo umegeuka. Mtu aliyefanya biashara ya mahindi miaka ishirini anajua upepo. Alikuja akiwa ameikunjua mikono kama mchungaji.

"Wazazi, mimi sina roho mbaya. Huyu mwalimu alikosea, lakini akajirudi. Aliniletea barua ya kuomba msamaha. Kwa hivyo Jumatatu anarudi kazi, na mtoto wake anarudi darasa."

"Barua gani?" Nabwile aliuliza.

Mathenge aliitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti, akampa Kagwe. "Somea wazazi."

Kagwe alikohoa, akasoma neno kwa neno, na alipokutana na makosa aliyasoma kwa furaha kama yalivyo.

"'Kwa Mkurugenzi. Mimi Rispah Nabwile naomba msamaha kwa kukudhalau mbele ya wazazi. Nimekubari wimbi ni chakura. Sitaludia tena.'"

Wazazi walianza kucheka. Mwalimu wa Kiswahili! Nabwile alisimama wima. Karatasi ile ilikuwa na mistari ya daftari la safari za basi, na aliutambua mwandiko hata kabla ya kuugeukia mlango wa dereva. Tonny alikuwa ameshuka, kofia mkononi, uso umemvimba kwa aibu.

"'Tafadhari uludishe mtoto wangu darasani. Watoto wa Gledi ya Tano wanalia kira siku kwa sababu...'" Kagwe alipunguza mwendo. "'...kwa sababu mke wangu ni mwarimu mzuli kuliko wote hapo, hata wewe unajua.'"

Wazazi wakatazamana. Kisha macho yote yakafanya safari moja, hadi kwa mtu aliyesimama kando ya gurudumu.

"Kumbe ni dereva!" Mathenge alipasuka kwa kicheko. "Dereva ameandikia mwalimu! Haki ya nani! Mke anafunza Kiswahili na bwana ndiye anaandika!"

Kicheko kilimfuata, na kilikuwa kikubwa kuliko kile cha siku ya soda. Tonny hakujitetea. Alitazama chini, akizungusha kofia. Wiki nzima Nabwile alikuwa amemdharau mtu huyu kwa kila kijiko cha mboga alichompakulia, na sasa walikuwapo watu thelathini tayari kumsaidia kumdharau. Ilitosha atikise kichwa tu.

Alimwendea Kagwe, akaichukua karatasi mkononi mwake, akaikunja mara nne.

"Barua hii ni ya nyumba yangu," alisema. "Haikuwa ya kusomewa watu. Na mimi sikukosea, mkurugenzi, kwa hivyo siombi msamaha. Wimbi ni maji. Kama mpaka leo kuna mtu hapa hajaelewa, ndani ya basi kuna watoto ishirini na nane. Yeyote kati yao atamchorea."

Mathenge aliacha kucheka. "Basi wewe umeenda. Na bwana yako pia. Hapa hapa Bungoma, kazi imeisha."

Tonny alipanda basini, akachomoa ufunguo, akashuka, akauweka kwenye kiganja cha mkurugenzi. Mathenge aliutazama ufunguo, akatazama basi, akawatazama watoto waliobandika pua zao kwenye vioo.

"Kagwe, wewe unaendesha?"

Kagwe alitazama ncha za viatu vyake.

"Sasa watoto watafika Kitale namna gani?" Wakonyo aliuliza. "Ama utawabeba na mgongo, mkurugenzi?"

Jua lilikuwa kali. Mtoto mmoja aligonga kioo akisema anataka kwenda choo. Mathenge alifuta shingo kwa leso, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaunyoosha mkono wenye ufunguo. "Dereva," alisema. Tonny hakusogea. "Baba Nekesa. Tafadhali. Fikisha watoto."

"Watoto nitafikisha," Tonny alisema. "Wao hawajanikosea."

Nabwile alipanda na Wakonyo, wakaketi kiti cha nyuma ya dereva, na hakuna aliyethubutu kuwakataza. Mkurugenzi alifuata ndani ya gari lake dogo, akila vumbi.

*

Walifika Kitale jua likiwa bado juu ya paa. Wazazi walichukua watoto wao. Kui alimkumbatia mwalimu kiunoni, akaondoka na mamake bila kusema kwaheri. Tonny alilifagia basi, kiti kwa kiti, kama alivyofanya kila siku, akaufunga mlango, akamwachia mlinzi ufunguo. Kisha wakaanza kutembea kwenda Tuwani, ambako Nekesa alikuwa ameachwa kwa jirani. Kesho kutwa ingekuwa Jumatatu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mahali pa kuamkia.

Walipita kituo cha mafuta na wauza ndizi.

"Umekasirika," Tonny alisema mwishowe.

"Nimekasirika sana."

"Mtoto alitolewa gwalide, Mama Nekesa. Ningefanya nini?"

Nabwile aliitoa ile karatasi, akaikunjua akitembea, akaisoma kimya kutoka juu hadi chini. Mara kadhaa kidole chake kilisimama mahali, kikaendelea.

"Hiyo," Tonny aliuliza, "ungenipatia ngapi?"

"Tatu kwa kumi."

"Tatu tu? Na vile nilitoa jasho?" Alitembea hatua chache. "Hizo tatu ni za nini?"

"Moja ni ya jina langu. Lina r na lina l, na hukukosea hata moja."

"Na mbili?"

Nabwile aliikunja barua, na badala ya kuitupa akaiingiza kwenye mkoba.

"Mbili ni za lile 'mke wangu', pale uliposahau wewe ni nani," alisema. "Tembea haraka, mtoto anangoja."